Tumbo la Baba lilipolala

Siku ya 8 baada ya upasuaji Shangazi aliingia wodini na chupa ya chai iliyojaa uji wa mchele wa tui la nazi. Aliupika usiku kwake Mbagala, akauchuja mara mbili kwa kitambaa isibaki hata punje, akapanda daladala mbili awahi saa ya kuona wagonjwa. Baba akanywa vijiko vitatu. Cha nne akakishikilia mdomoni, akatikisa kichwa.

"Kaka, jikaze," Shangazi akamwambia. "Usipokula, nguvu utaipata wapi?"

Akajikaza. Haikupita nusu saa akatapika karibu beseni zima la maji ya kijani yaliyokolea, na ndani yake nikaona chembe za uji wa ulezi. Uji wa ulezi alikunywa jana yake asubuhi. Ulikuwa umekaa mle zaidi ya saa 24 bila kwenda popote.

Nilimkasirikia. Sikupaza sauti, ila nilimwambia, "Baba, hujitahidi," na namna uso wake ulivyobadilika sitaisahau. Akaweka kiganja juu ya chembe cha moyo, akasema taratibu, "Mwanangu, hakishuki. Kimekaa hapa."

Alikuwa amenieleza ugonjwa wake kwa usahihi kuliko karatasi yoyote iliyokuwa kwenye jalada lake, na mimi sikumsikia. Ilinichukua wiki mbili, daftari zima la vipimo na usiku mwingi wa kusoma kwenye simu hadi nikaelewa alichokuwa anasema. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amesimama kando ya kitanda kama kile, chupa ya uji mkononi, anamwambia mgonjwa wake ajikaze.

Baba ana miaka 66. Alifanya kazi reli hadi akastaafu, na ana kisukari kwa miaka 11 sasa. Mwaka jana macho yake yaligeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, ngozi ikamuwasha hadi akawa halali. Vipimo vikaonyesha uvimbe pale mrija wa nyongo na mfereji wa kongosho vinapofungukia pamoja ndani ya duodeni, ule utumbo wa kwanza kabisa baada ya tumbo. Daktari bingwa akatuita, akachora kwenye karatasi, akasema dawa yake ni upasuaji uitwao Whipple.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni kama mtoto aliyepakatwa. Vinagawana mishipa ya damu, hivyo huwezi kutoa kimoja ukaacha kingine. Wanatoa kichwa cha kongosho, duodeni, kibofu cha nyongo, sehemu ya mrija wa nyongo na mara nyingine kipande cha chini cha tumbo lenyewe. Kisha wanavuta utumbo mwembamba juu na kushona maungio matatu: utumbo na kongosho lililobaki, utumbo na mrija wa nyongo, utumbo na tumbo. Walther Kausch aliufanya Berlin mwaka 1909. Allen Whipple, Mmarekani aliyezaliwa Uajemi, alitangaza toleo lake New York mwaka 1935, na jina lake ndilo lililobaki. Zamani wagonjwa wengi walikufa kwa upasuaji huu, pengine mmoja kati ya wanne. Siku hizi, kwenye hospitali zinazoufanya mara kwa mara, wanaokufa ni chini ya 5 katika 100.

Baba alikaa chumba cha upasuaji saa saba. Alipotoka hai tulilia kwa furaha, tukadhani mlima umekwisha. Hakuna aliyetuambia, au labda tuliambiwa na hofu ikatuziba masikio, kwamba tatizo linalowapata wengi baada ya hapo linahusu kitu kidogo mno kuwaza: tumbo kukataa kushusha chakula.

Jioni ile alipotapika walimrudishia mpira wa puani. Ulikuwa umetolewa siku ya 4. Ukashuka, na mara yakaanza kutiririka maji ya kijani kwenye mfuko, 1,400 mililita hadi asubuhi. Nikamuuliza nesi: mtu hajala kitu cha maana tangu juzi, maji haya yote yanatoka wapi? Akanieleza akiwa anaandika. Tumbo la mtu mzima hutengeneza maji yake lenyewe, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na mate tunayomeza bila kujua yanaongeza lita nyingine. Kwa mtu mzima wa afya yote hayo hushuka kimyakimya. Mlango ukigoma, yanajaa.

Usiku ule nilinunua daftari, na kila asubuhi nikawa naandika namba ya mfuko.

Daktari wa zamu alipopita nikamwamkia, nikamuuliza. Alisema, "Tumbo la mzee limelala. Halijafa, limelala. Sasa kazi yetu ni kujua nini kimelilaza." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipeleka kwenye kusoma.

Tumbo lina mapigo yake. Kwenye ukuta wake kuna seli zinazoitwa seli za Cajal, kwa jina la mwanasayansi wa Kihispania aliyezichora, na zinatoa mdundo wa mara tatu hivi kwa dakika. Neva ya vagasi inashuka kutoka kwenye ubongo kuuongoza mdundo huo. Halafu ipo homoni ya motilini, iliyotambuliwa Vancouver, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiwa na njaa, kila baada ya dakika 90 hadi 120 motilini huamsha wimbi kubwa linalofagia tumbo na utumbo kuanzia juu kwenda chini. Ule mngurumo wa tumbo tunaouonea haya msikitini au kwenye kikao ni ufagio huo ukipita. Na motilini hutengenezwa zaidi wapi? Kwenye duodeni, kile kipande walichokikata na kukitupa pamoja na uvimbe.

Niliposoma hapo nilisimamisha simu juu ya goti nikamtazama Baba amelala na mpira puani. Tulikuwa tunamwambia ajikaze, ilhali kengele ya kuliamsha tumbo ilikuwa imeondoka mwilini mwake. Juu ya hilo, matawi ya neva yamekatwa au kuvutwa, mishipa midogo ya damu inayolisha mlango wa tumbo imeguswa, na ukuta umevimba kwa kushikwashikwa saa saba. Ukiyajua hayo, ajabu ni kwamba wengi matumbo yao yanaamka mapema.

Kwa muda mrefu kila hospitali duniani ilikuwa na namna yake ya kuhesabu tatizo hili, ndiyo maana takwimu za zamani zinapishana sana. Mwaka 2007 jopo la kimataifa la wapasuaji wa kongosho likakubaliana madaraja matatu. Daraja A: mpira umehitajika siku 4 hadi 7, au umerudishwa baada ya siku ya 3, na mgonjwa hawezi chakula kigumu ifikapo siku ya 7. Daraja B linafika siku ya 14. Daraja C ni mpira kupita siku 14, au mgonjwa kushindwa chakula kigumu hata siku ya 21. Kusoma madaraja hayo kulinipa utulivu ambao sikuutarajia kutoka kwenye maandishi ya kitabibu. Kama watu wamekaa wakaweka daraja la siku 21, basi yapo matumbo mengine mengi yaliyolala siku 21. Baba hakuwa wa kwanza, na hakuwa mvivu.

Kisha nikatafuta vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa tumbo kulala, na hapa nataka niwe mkweli kuhusu moyo wangu. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nilishamlaumu Baba, sasa nikamgeukia mpasuaji.

Nilisoma kwamba kuna wanaoacha mlango wa chini wa tumbo na wanaouondoa. Uchunguzi mmoja wa Japani wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 130, ulionyesha tofauti kubwa: walioondolewa mlango, 4.5% tu ndio matumbo yalichelewa, walioachiwa, 17.2%. Baba aliachiwa. Damu ikanichemka. Usiku uliofuata nikakuta uchunguzi wa Heidelberg, Ujerumani, wa mwaka 2018, wagonjwa 188, na huko hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Nikaenda kwenye swali lingine: je, utumbo ulioungwa na tumbo unapita mbele ya utumbo mpana au nyuma yake? Wajapani, mwaka 2006, wagonjwa 40 tu: mbele 5%, nyuma 50%. Nikadhani sasa nimempata. Waholanzi wakarudia na wagonjwa 246, wakatoa majibu mwaka 2014: 34% kwa 36%. Sawa na bure.

Nilichukua siku mbili kulikubali jambo hilo. Kundi dogo linaweza kukupa tofauti inayong'aa kama dhahabu, kundi kubwa likaja likaizima. Mkono wa mpasuaji una nafasi yake, sikatai, na saa nyingi mezani na damu nyingi kupotea havimsaidii mgonjwa. Lakini mshono uliopita hapa badala ya pale haukunipa jibu nililolitaka.

Kinachojirudia karibu kila unaposoma ni kingine kabisa. Tumbo hulala zaidi kwa mgonjwa ambaye ndani ya fumbatio kuna jambo jingine linaloendelea: ungio la kongosho linavuja, usaha umejikusanya, kongosho lililobaki limewaka uvimbe. Maji ya kongosho ni makali, kazi yake ni kuyeyusha nyama na mafuta. Yakivuja nyuma ya tumbo, tumbo linakaa juu ya kaa la moto, nalo linaacha kufanya kazi. Dalili ya mvua ni mawingu, na kutapika kwa Baba kulikuwa ndiyo mawingu yenyewe.

Niliporudi kwa mpasuaji safari hii sikwenda na lawama. Niliuliza swali moja: ndani kuna kinachovuja? Akaketi, akanieleza bila haraka. Alisema walipolishika kongosho la Baba walilikuta laini, na mfereji wake mwembamba, kama milimita 2. Kongosho laini lenye mfereji mwembamba ndilo linaloogopwa na kila mpasuaji, maana uzi unalichana na ungio linavuja kirahisi. Halafu akasema kitu kilichoniuma. Uvimbe unaokaa pale mrija wa nyongo unapofungukia, kama wa Baba, huwa na matumaini zaidi kuliko saratani ya kichwa cha kongosho chenyewe, kwa sababu unaziba nyongo mapema, macho yanageuka manjano, mtu anawahi hospitali. Ila kwa kuwa mara nyingi mfereji wa kongosho haujazibwa kwa muda mrefu, kongosho linabaki laini kama lilivyoumbwa. La mgonjwa ambaye limezibwa miezi linakuwa gumu, na linashika uzi. Bahati ya Baba upande mmoja ilikuwa mzigo wake upande wa pili.

Siku ya 9 alishikwa na homa. Siku ya 10 akapigwa siti-skani, na pale nyuma ya tumbo, jirani na ungio, pakaonekana maji yaliyojikusanya. Siku ya 11 wakayatoa kwa mrija mwembamba uliopitishwa ubavuni kwa kuongozwa na ultrasaundi. Yalikuwa na rangi ya maji ya kunde na kipimo cha amilezi, kimeng'enya cha kongosho, kikathibitisha kwamba yametoka kongosho. Hakufunguliwa tena tumbo. Tungeendelea kupambana na vijiko vya uji, sijui homa ile ingetukuta wapi.

Vipo vihatarishi vingine, na baadhi tulikuwa navyo mkononi bila kujua. Kisukari ni kimoja. Cha miaka mingi huziumiza neva za tumbo polepole, lakini hata sukari ya leo, ikipanda sana leo, hulipunguzia tumbo mwendo leo hiihii. Siku zile sukari ya Baba ilikuwa inapanda na kushuka, na kumbe jamaa mmoja, kwa huruma, alikuwa anamlowesha midomo kwa soda. Waliporekebisha insulini na sisi tukaacha soda, sukari ikatulia.

Dawa za maumivu za jamii ya mofini nazo hulaza tumbo na utumbo. Hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Mgonjwa aliyechanwa tumbo anastahili kutulizwa maumivu, na mwenye maumivu hawezi hata kukohoa wala kuinuka. Lakini inaruhusiwa kumuuliza daktari kama dozi inaweza kupunguzwa kidogo kidogo na nyingine ishike nafasi. Chumvi za mwili pia, hasa potasiamu: mtu anayetapika na kutolewa maji kwa mpira anaipoteza, na ikishuka misuli yote inalegea, ya tumbo ikiwemo. Nilianza kuuliza majibu ya potasiamu kila yalipotoka, hadi nesi mmoja akawa ananiambia kabla sijauliza.

Umri mkubwa na uzito mkubwa hutajwa, ingawa si kila uchunguzi unakubali. Baba hakuwa mnene. Aliingia mezani amepungua kilo 12, na udhaifu ule wa kabla ya kisu ndio ninaojutia zaidi katika yote tuliyoyafanya sisi wenyewe. Kwa wiki kadhaa tulimnyima mayai, samaki, karibu kila kitu, kwa sababu mtu alisema mwenye macho ya manjano asile mafuta wala protini. Hakuna daktari aliyetuambia hivyo. Kama unasoma hapa na mgonjwa wako bado anasubiri tarehe ya upasuaji, muulize daktari leo atakula nini, wala msisubiri kliniki ijayo.

Siku ya 12 wakampitishia mrija mwingine kwa kamera, mwembamba, ukavuka tumbo na kutua kwenye utumbo mbele ya ungio. Maziwa maalumu yakawa yanaingia humo kwa matone, mchana na usiku. Hilo lilimtibu Shangazi kuliko lilivyomtibu Baba. Alipoona kwamba kaka yake analishwa kweli, bila kijiko, mabega yake yalishuka. Akaacha kuja na chupa. Akawa anakuja na mafuta ya nazi, anamkanda miguu.

Walimpa pia erithromisini kwa mshipa. Nilishangaa, maana hiyo tunaijua kama dawa ya kikohozi na vidonda vya koo. Kumbe inajifanya motilini: inakaa kwenye kitasa kilekile cha homoni iliyokatwa na kuamsha lile wimbi la kufagia. Baltimore, mwaka 1993, Hospitali ya Johns Hopkins ilitoa majibu ya wagonjwa 118: waliopewa erithromisini, matumbo yaliyochelewa yalikuwa 19%, waliopewa maji matupu, 30%. Si muujiza, lakini ni kitu. Usiende ukainunua duka la dawa ukamletea mgonjwa wako. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na haipatani na dawa nyingine nyingi. Baba alipimwa moyo kwanza. Baada ya siku chache mwili huizoea, nguvu yake ikapungua.

Wakati wote huo walimwinua. Asubuhi hatua kumi kwenye korido, jioni ishirini, mimi nikiwa nimeshika dripu na kaka yangu amebeba mfuko. Daftari linasema hivi: siku ya 13, mililita 1,650. Siku ya 15, 1,200. Siku ya 17, 1,250, na pembeni nimeandika "nimechoka". Siku ya 19, 700. Siku ya 20, 450. Siku ya 21, 200, na rangi imeacha kijani.

Kuchelewa huko kulitugharimu. Kila siku ya kitanda ina bei yake, na tibakemia, dawa za saratani, iliyokuwa ianze katika wiki ya 8 ilisogezwa hadi mwili upate nguvu. Baba ameianza, anaendelea nayo. Anakula mara sita kwa siku, sahani ndogo, na vidonge vya vimeng'enya vya kongosho kila mlo.

Siku ya 22, Alhamisi, walifunga mpira kwa saa kadhaa, akatulia. Saa kumi jioni wakauvuta. Pua yake ilikuwa na kidonda pale ulipokaa. Daktari akasema anaweza kunywa nusu kikombe cha kitu laini, asiongeze.

Nikampigia Shangazi. Alifika saa moja usiku na uji uleule, umechujwa vilevile. Safari hii hakusema lolote. Alimimina nusu kikombe, akampa Baba ashike mwenyewe, kisha akakaa kwenye kiti na kukunja mikono mapajani. Baba akanywa. Akasubiri, akanywa tena. Kikombe kikaisha, akakirudisha.

Nikaweka beseni tayari chini ya kitanda. Tuliomba ruhusa ya mmoja wetu kubaki, nesi akaturuhusu wote wawili akajifanya hajatuona. Tulikaa tukimtazama kifua. Saa nne, hamna kitu. Saa sita aligeuka ubavu, mimi nikainuka nikiwa nimeshika beseni, akapiga kimya. Kisha tumbo lake likanguruma, kwa sauti, mngurumo mrefu uliokwenda chini, na Shangazi akanishika mkono kwa nguvu.

Saa nane usiku Baba alikuwa anakoroma.